Percy Cerutty: kocha aliyeanza na mwili wake mwenyewe

Wazee wanaofuatilia riadha hawajasahau Oktoba 1968. Kipchoge Keino wa Kenya alishinda mbio za mita 1,500 kwenye Michezo ya Olimpiki ya Mexico City kwa dakika 3 na sekunde 34.9. Siku ile alivunja rekodi ya Olimpiki iliyokuwa imedumu miaka minane, ya dakika 3 na sekunde 35.6.

Rekodi hiyo iliwekwa na Herb Elliott wa Australia, mjini Roma, mwaka 1960. Nyuma ya Elliott alikuwepo mzee mwembamba mwenye mvi, kifua wazi, aliyependa kukimbia na vijana wake juu ya mchanga wa pwani. Mzee huyo aliitwa Percy Cerutty. Tamka Seruti.

Siku hizi timu kubwa za michezo zina mtaalamu wa saikolojia, mtaalamu wa chakula na mtaalamu wa kupumua. Zamani haikuwa hivyo. Kocha wa mbio alishika saa mkononi, akahesabu mizunguko, kazi yake ikaishia hapo. Cerutty alikuwa mmoja wa watu wa mwanzo waliosema kwamba huwezi kuifundisha miguu ukaiacha akili, wala huwezi kuifundisha akili ukausahau mwili.

Wengi walimwita mwendawazimu. Katika makala haya tunayafuata maisha yake tangu utoto hadi kifo, ili msomaji ajionee alipokuwa sahihi na alipokosea.

Mtoto wa kifua kibovu

Percy Wells Cerutty alizaliwa tarehe 10 Januari 1895 huko Prahran, mtaa wa jiji la Melbourne, kusini mwa Australia. Nyumbani kwao hapakuwa na raha. Baba yake alikuwa mlevi, na wazazi walitengana Percy akiwa bado mdogo. Mama alibaki na mzigo wa kulea watoto katika hali ya shida.

Utotoni alipata homa kali ya mapafu, na pafu lake moja likabaki na hitilafu. Aliacha shule mapema akaingia kazini. Baadaye aliajiriwa katika idara ya serikali ya posta na simu, na humo ndimo alimotumikia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi.

Ujanani alijaribu riadha. Alijiunga na klabu ya Malvern Harriers ya Melbourne akakimbia maili, yaani mita kama 1,609. Hakuwa mkimbiaji mbaya, lakini kila mashindano yalimwachia maumivu. Alitapika, kichwa kikamgonga, akalala hoi. Mwishowe aliacha. Akaoa, akapata watoto, akawa mtumishi wa serikali kama wengine: asubuhi kazini, jioni nyumbani.

Miaka ikapita zaidi ya ishirini. Hakuna aliyemfikiria kuwa mwanamichezo, wala yeye mwenyewe hakujifikiria hivyo.

Mwaka 1939: alipoporomoka

Mwaka 1939, akiwa na umri wa miaka arobaini na kitu, mwili wake uliporomoka. Hakulala vizuri, hakula vizuri, kichwa kilimuuma sana, na fikra zake zilikuwa zimechoka kama mwili. Madaktari hawakumpa matumaini ya kuishi muda mrefu. Kazini alipewa likizo ndefu ya ugonjwa.

Hapo ndipo maisha yake yalipogeuka, na ni vizuri kuangalia kwa makini namna yalivyogeuka. Cerutty hakuamka siku moja akakimbia. Alianza kwa kutembea. Alitembea kidogo, akapumzika, kesho yake akaongeza. Alibadilisha chakula, akala nafaka ambazo hazijakobolewa, matunda, njugu na mboga mbichi. Alijifunza kuogelea kwenye maji baridi. Baadaye akaanza kunyanyua vyuma.

Pamoja na hayo alisoma sana. Alisoma vitabu vya dini, vya falsafa, vya mashairi na vya wanasayansi. Alitaka kujua ni kwa nini mtu mmoja akipata shida huanguka na mwingine huinuka. Alijisemea kwamba ugonjwa wake haukuanzia kwenye kifua peke yake. Aliona kwamba maisha ya woga na ya kujihurumia yalikuwa yameuchosha mwili kwa miaka mingi.

Alikwenda pia kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Caulfield, kuwatazama farasi wakifanya mazoezi alfajiri. Wenyeji wa pwani yetu wanaofuga punda wanajua kwamba mnyama ana miendo mbalimbali. Kuna telki, mwendo wa haraka usio wa mbio. Kuna matiti, mbio ndogo za kudundadunda. Na kuna shoti, mbio kali. Cerutty aliona kwamba farasi hubadilisha mwendo wenyewe, bila kukaza shingo wala taya. Akajiuliza kwa nini binadamu akikimbia hukunja uso na kukaza mabega kama mtu aliyebeba gunia.

Mwaka 1942, akiwa na miaka 47, alirudi kwenye klabu yake ya zamani. Wenzake wa rika lake walikuwa wameshastaafu mbio zamani. Yeye ndiyo kwanza alikuwa anaanza. Alipopita miaka 50 alikimbia marathoni, yaani kilomita 42 na ushee, kwa muda usiofika saa tatu. Baadaye alijaribu umbali mkubwa zaidi, akamaliza zaidi ya kilomita 160 ndani ya saa 24.

Mtu aliyekuwa amekatiwa tamaa sasa alikuwa akiwaacha nyuma vijana. Kwa hiyo alipoanza kufundisha hakuanza kwa nadharia. Alianza na kitu alichokifanya kwa mwili wake mwenyewe.

Kambi ya Portsea

Mwaka 1946 Cerutty alipata kiwanja huko Portsea, kijiji cha pwani kilicho kiasi cha kilomita 95 kutoka Melbourne. Akajenga vibanda vya kawaida vyenye vitanda vya mbao. Hapakuwa na uwanja wa kisasa. Palikuwa na msitu mdogo, njia za vumbi, bahari, na vilima vya mchanga.

Kilima kimoja kilipata sifa duniani kote. Kilikuwa na mwinuko wa karibu mita 25, mkali kiasi kwamba ukipanda hatua moja mchanga unakurudisha nusu yake. Vijana walikipanda mbio tena na tena, mara nyingi peku, hadi mapaja yakawaka moto. Na mzee mwenyewe, akiwa na miaka zaidi ya 60, alipanda nao.

Mchanga una faida yake. Haugongi goti wala kisigino kama barabara ya lami. Hata hivyo unalazimisha misuli ya ndama, paja na kifundo cha mguu kufanya kazi kubwa zaidi. Cerutty alilijua hilo, lakini alikitaka kilima kwa sababu nyingine pia. Juu ya mchanga hakuna saa inayokwambia umefanya vizuri. Unabaki wewe na sauti ya ndani inayokuambia usimame. Kwake, kuijibu sauti hiyo ndilo lilikuwa somo lenyewe.

Enzi hizo makocha wengi wa Ulaya walifundisha kwa vipimo. Mwanariadha alikimbia mita 400, akapumzika kwa sekunde zilizohesabiwa, akarudia, na kila kitu kikaandikwa daftarini. Mfumo huo ulizaa mabingwa, na unatumika mpaka leo. Cerutty aliupiga vita. Alitaka mkimbiaji aongeze na kupunguza mwendo kwa kuusikiliza mwili wake, kama mtoto wa kijijini anavyokimbia kwenda dukani: hapa anakimbia, pale anatembea, kule anaruka mtaro.

Aliwafundisha kupumua kwa kina, kujaza mapafu hadi chini na kuyamwaga yote, huku wakilegeza mikono na mabega. Aliwanyanyulisha vyuma vizito wakati ambapo wakimbiaji wengi waliamini vyuma vinamfanya mtu awe mzito. Asubuhi kambini waliweza kula nafaka ya oti isiyopikwa iliyochanganywa na njugu, zabibu kavu na matunda. Mkate mweupe na vyakula vya kukaanga hakuvipenda.

Jioni palikuwa na mazungumzo. Kocha alizungumzia maisha ya Yesu, ya Fransisko wa Asizi na ya watu wengine walioishi kwa msimamo bila kujali wenzao wanasema nini. Kijana aliyekuja akidhani atafundishwa kukimbia tu alijikuta akiulizwa anaishi kwa ajili ya nini.

Mtindo huo wa maisha aliupa jina alilolitunga mwenyewe, Stotan. Alichukua majina mawili ya kale akayaunganisha. La kwanza ni la Wastoa, wanafalsafa wa Ugiriki na Roma waliofundisha kwamba mtu hawezi kuyatawala yanayompata, ila anaweza kutawala namna anavyoyapokea. La pili ni la Wasparta, watu wa mji wa Ugiriki uliosifika kwa kulea vijana katika maisha magumu. Kwa Cerutty, mwanariadha alipaswa kuwa na vyote viwili: mwili uliozoea shida na akili isiyoogopa shida.

Herb Elliott na piano

Mwaka 1955 Cerutty alisafiri hadi Perth, magharibi mwa Australia, na huko akakutana na mwanafunzi aliyeitwa Herb Elliott. Kijana alikuwa na kipaji cha wazi. Lakini mwaka huohuo aliangukiwa na piano mguuni alipokuwa akisaidia kuihamisha. Akakaa nje ya mazoezi. Akaanza kuvuta sigara na kustarehe na wenzake, na ilielekea kwamba riadha imemwisha.

Mwishoni mwa 1956 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Melbourne. Wazazi wa Elliott walimpeleka kutazama. Alimwona Vladimir Kuts wa Umoja wa Kisovieti akishinda mbio za mita 10,000 kwa kuwachosha wapinzani wake kwa mwendo wa kupandisha na kushusha. Moyo wa kijana ukaamka. Hakurudi Perth na wazazi wake. Alibaki akaingia kambi ya Portsea.

Matokeo yalikuja upesi. Januari 1958, akiwa na miaka 19 tu, Elliott alikimbia maili chini ya dakika 4. Kumbuka kwamba hadi Mei 1954, alipofaulu Roger Bannister wa Uingereza, hapakuwa na binadamu aliyewahi kufanya hivyo, na wapo waliosema mwili wa mtu hauwezi.

Mwaka huohuo wa 1958 Elliott alishinda medali mbili za dhahabu, za nusu maili na maili, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Cardiff. Tarehe 6 Agosti mjini Dublin alivunja rekodi ya dunia ya maili kwa dakika 3 na sekunde 54.5. Wiki tatu baadaye, huko Gothenburg nchini Sweden, alivunja ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 36.0. Tangu alipokua mtu mzima kimichezo hadi alipostaafu, hakushindwa na mtu yeyote katika mbio za maili wala mita 1,500.

Wapinzani wa Elliott nao walifanya mazoezi magumu. Wengine walikuwa na makocha wenye elimu kubwa kuliko Cerutty. Lakini katika mzunguko wa tatu, pale ambapo mbio za maili huumiza zaidi na wengi hujihifadhi kwa ajili ya mwisho, Elliott aliongeza mwendo. Alikuwa ameshazoea kukaa na maumivu kule kwenye kilima cha mchanga, na hayakumtisha.

Jambo hili si uchawi. Mkimbiaji anapojikokota akidhani amekwisha, mara nyingi mwilini bado kuna akiba. Ndiyo maana mtu huyohuyo akiuona utepe wa mwisho hupata nguvu za kukimbia tena. Mazoezi ya akili ni kumfundisha mtu kuifikia akiba hiyo mapema kidogo, bila hofu.

Taulo uwanjani Roma

Tarehe 6 Septemba 1960, fainali ya mita 1,500 ilikimbiwa Roma. Kocha na mwanafunzi walikuwa wamekubaliana ishara. Cerutty akipunga taulo kutoka jukwaani, Elliott ajue kwamba saa ya kutoa kila alichonacho imefika.

Elliott alishika uongozi mbio zikiwa bado mbali na mwisho. Mzee wa miaka 65 hakuweza kutulia kwenye kiti. Aliruka kizuizi akasogea karibu na njia ya wakimbiaji, akapunga taulo kwa nguvu zote hadi askari wakamkamata. Elliott alikwishaiona ishara. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 35.6, rekodi mpya ya dunia. Mfaransa Michel Jazy alifika wa pili akiwa nyuma yake kwa sekunde 2.8, na katika mbio hizi huo ni mwanya mkubwa sana.

Siku nne baadaye, katika jiji lilelile, Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni akiwa peku. Dunia ilishangaa kuona bingwa asiye na viatu. Huko Portsea, kukimbia peku halikuwa jambo la ajabu.

Elliott hakukimbia muda mrefu baada ya hapo. Alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Cambridge, na kabla ya kutimiza miaka 25 alikuwa amestaafu. Rekodi yake ya dunia ilidumu hadi 1967 ilipovunjwa na Jim Ryun wa Marekani. Ile ya Olimpiki ilimsubiri Keino.

Waliobaki na walioondoka

Tusimpambe mzee huyu kuliko alivyokuwa. Cerutty alikuwa na ulimi mkali. Alijisifu hadharani, aliwatukana makocha wenzake, na aligombana na viongozi wa riadha wa nchi yake. Vijana aliowaona wavivu aliwasema mbele ya wenzao. Wengine walichochewa na maneno hayo. Wengine waliumia.

John Landy ni mfano mzuri. Alikuwa mwanafunzi wa Cerutty hadi Michezo ya Olimpiki ya Helsinki ya mwaka 1952, ambako hakuvuka mchujo. Huko alijifunza kutoka kwa Emil Zátopek wa Chekoslovakia, aliyeshinda dhahabu tatu. Landy aliporudi nyumbani aliachana na Cerutty akajipangia mazoezi mwenyewe, kwa vipimo na hesabu. Juni 1954 akawa mtu wa pili duniani kukimbia maili chini ya dakika 4, na akaweka rekodi mpya ya dunia.

Kisa hicho kinatufundisha kwamba njia ya Cerutty haikuwa njia pekee. Elliott alihitaji mtu wa kuwasha moto ndani yake. Landy alikuwa na moto wake tayari, alichohitaji ni utulivu. Kocha mmoja hawezi kuwa dawa ya kila mtu.

Hata mafundisho yake ya mwili hayakuwa sahihi yote. Alizungumza kuhusu chakula na kupumua kwa uhakika mkubwa kuliko ushahidi aliokuwa nao, na wataalamu wa mwili hawakukubaliana naye katika mengi. Kwa sababu yeye aliinuka pale madaktari walipomkatia tamaa, alikuwa mwepesi wa kuwadharau. Hilo halifai kuigwa. Mkimbiaji anayezimia, anayeumwa kifua au anayekojoa damu hahitaji hotuba kuhusu ujasiri. Anahitaji hospitali, na siku hiyohiyo.

Bahari ya Portsea nayo inakumbusha jambo hilo. Desemba 1967 Waziri Mkuu wa Australia, Harold Holt, mwogeleaji shupavu, aliingia kuogelea kwenye ufuko wa Cheviot hapo karibu. Hakuonekana tena, wala mwili wake haukupatikana. Moyo mkubwa haulitulizi wimbi.

Miaka ya mwisho

Cerutty aliendelea kufundisha na kuandika vitabu katika miaka ya 1960. Mke wake wa pili, Nancy, ndiye aliyeishi naye Portsea katika miaka hiyo. Vijana waliendelea kuja kambini, ingawa hakumpata Elliott mwingine. Mwaka 1972 alipewa nishani ya MBE, heshima ya kitaifa kwa utumishi wake katika riadha. Kwa mtu aliyegombana na viongozi maisha yake yote, hilo halikuwa jambo dogo.

Ugonjwa uliomuua ulikuwa wa mishipa ya fahamu inayoendesha misuli. Ugonjwa huo hukata mawasiliano kati ya ubongo na misuli kidogo kidogo. Mgonjwa anataka kuinua mkono, na mkono hausikii. Mtu aliyefundisha maisha yake yote kwamba akili ndiyo dereva wa mwili, alipatwa na ugonjwa unaokata usukani. Alifariki Portsea tarehe 14 Agosti 1975, akiwa na miaka 80. Madaktari walikuwa wamemkatia tamaa tangu 1939.

Kabla hajafa, mashindano yale yaliyompa jina yalikuwa yameshahamia mikononi mwa watu wa kwetu. Februari 1974, huko Christchurch nchini New Zealand, Filbert Bayi wa Tanzania alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Bayi hakuwa mwanafunzi wa Cerutty. Lakini alikimbia mbele tangu mwanzo hadi mwisho, bila kujificha nyuma ya mtu, kwa ujasiri uleule ambao mzee wa Portsea aliuhubiri.

Tunachoweza kubaki nacho

Msomaji wa kijijini anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya Australia. Lakini tazama Cerutty alikuwa na nini. Hakuwa na uwanja wa lami laini. Hakuwa na maabara. Alikuwa na kilima, mchanga, maji, chakula cha kawaida na maneno. Vitu hivyo, isipokuwa pengine bahari, havikosekani katika vijiji vyetu vingi.

La kuchukua kwake si kilima peke yake. Ni utaratibu wake wa kuanza kidogo na kuongeza, kama alivyofanya yeye alipokuwa mgonjwa asiyeweza kufika mbali. Ni kulegeza mabega na kupumua vizuri pale woga unapobana. Ni kula chakula ambacho hakijapoteza ubora wake kiwandani. Ni kumuuliza kijana anakimbilia nini, na kusikiliza jibu.

Na kwa mwalimu wa michezo, au mzazi anayemsindikiza mwanawe kwenye mashindano, kuna moja zaidi. Kocha anayekaa kivulini na fimbo, akimtaka mtoto avumilie jua, hafanyi alichofanya Cerutty. Vijana wa Portsea walivumilia ulimi mkali wa yule mzee kwa sababu walipogeuka nyuma katikati ya kilima, walimwona naye anapanda.